Dari si anasa

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za ujenzi za sharika



Naanza na kosa langu. Tulipojenga nyumba ya mwinjilisti katika mtaa mmoja wa huku pwani, fedha zilipungua. Nikachukua kalamu, nikafuta dari kwenye bajeti. Nilisema, “Huo ni urembo, utakuja baadaye.” Nyumba ikazinduliwa kwa nyimbo na vigelegele. Mwezi Februari nilifika pale saa nane mchana, nikamkuta mama mwinjilisti amewalaza watoto chini ya mwembe. Ndani hapakukalika. Hata usiku, kuta za tofali zilizoshika joto mchana kutwa zilikuwa zinalirudisha.

Mgeni mmoja kutoka usharika rafiki wa Ujerumani aliniuliza, “Sisi tunaziba nyumba ili joto lisitoke. Ninyi mna haja gani?” Nilimwonyesha chupa ya chai iliyokuwa mezani. Chupa hiyo hutunza chai ikabaki moto. Ukitia maji ya barafu, hubaki baridi.

Tofauti iko kwenye gharama. Kwao huziba kuta, sakafu, madirisha na paa. Kwetu, karibu na ikweta, jua la mchana hutukaa utosini, na linalopigwa zaidi ni bati. Kuta hutoshwa na kivuli cha baraza na miti, na madirisha yapishe upepo. Basi fedha zetu ziende juu.

Tufanye hesabu. Nyumba ya mita 8 kwa 9 ina mita za mraba 72. Silingi bodi moja ya futi 8 kwa 4 hufunika karibu mita za mraba 3. Ni bodi kama 25. Ongezeni 2 au 3 za vipande, mbao za fremu, misumari na ufundi. Acheni matundu ya hewa kati ya dari na bati, yenye wavu wa kuzuia popo. Bati likipakwa rangi nyeupe, sehemu kubwa ya jua hurudishwa kabla ya kuingia.

Dari ya nyumba ile tuliifunga mwaka uliofuata. Bei zilikuwa zimepanda, na mafundi tuliwalipa nauli mara ya pili. Watoto walikuwa wamekwisha kulala nje msimu mzima.

Ndugu wajumbe, wekeni dari katika maombi ya mradi tangu mwanzo, na mwonyeshe mchango wenu: mbao, nguvu kazi, chakula cha mafundi. Ndugu wafadhili, mkiona mstari huo, msiufute. Nami kalamu yangu haitaufuta tena.