Saikolojia ya Kimahakama: Masomo ya Uzamili na Ajira kwa Mhitimu wa Tanzania



Wengi wanaoulizia fani hii wamevutiwa na filamu za wapelelezi wanaobashiri tabia za wauaji. Kazi hiyo ipo, ila ni ya watu wachache mno. Kazi kubwa ya mwanasaikolojia wa kimahakama ni kusaidia kujibu maswali ambayo hakimu hawezi kuyajibu kwa sheria peke yake. Hoja ya mada hii ni kwamba maswali hayo ndiyo yaongoze uchaguzi wa masomo, kuliko jina la shahada.

1. Mahakama inauliza nini?

Mshtakiwa anapodaiwa kuwa na ugonjwa wa akili, huzuka maswali mawili. La kwanza linahusu leo: je, anaelewa mashtaka na anaweza kujitetea? La pili linahusu siku ya tukio: je, ugonjwa ulimfanya asijue anachotenda, au asijue kwamba ni kosa? Aliye timamu leo huenda alikuwa mgonjwa siku ile.

Kwetu Tanzania, mahakama huweza kuagiza mshtakiwa achunguzwe hospitali ya magonjwa ya akili, na Isanga, Dodoma, ndiyo taasisi inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai huweka siku 42 za kuwasilisha taarifa. Taarifa hiyo ni ya daktari, lakini kupima uwezo wa akili, kumbukumbu na dalili za mtu kujifanya mgonjwa ni eneo ambalo mwanasaikolojia amefunzwa.

Kuna pia ushahidi wa mtoto. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mtoto mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi kusema ukweli. Hapo namna ya kumhoji ni jambo zito. Mwaka 1974, wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer walionyesha kuwa hata watu wazima walikadiria mwendo wa magari kwa kufuata ukali wa swali waliloulizwa.

2. Njia ya masomo

Baada ya shahada ya kwanza, uzamili wa saikolojia tiba, unaotolewa Muhimbili na Chuo Kikuu cha Nairobi, ni msingi imara, kwa kuwa asiyejua ugonjwa hawezi kuutambua kwa mshtakiwa. Anayefikiria ng'ambo achunguze masharti ya leseni kwanza. Katika majimbo mengi ya Marekani, mwanasaikolojia anayejitegemea huhitaji shahada ya uzamivu. Uingereza, cheo cha mwanasaikolojia wa kimahakama kinalindwa kisheria, na hakitumiki bila usajili.

3. Ajira na maadili

Usisubiri tangazo la kazi lenye cheo cha mwanasaikolojia wa kimahakama. Tafuta nafasi hospitalini, magerezani, ustawi wa jamii, vyuoni na kwenye mashirika ya msaada wa kisheria. Popote utakapokuwa, kumbuka kwamba anayemchunguza mtu kwa ajili ya mahakama hapaswi kuwa tabibu wake. Mwambie tangu mwanzo kuwa maelezo yake yatafika kwa hakimu.

Mapendekezo

Idara za saikolojia na za sheria zianzishe somo la pamoja kuhusu ushahidi wa kitaalamu. Nanyi wanafunzi, kabla ya kutuma maombi chuo chochote, nendeni mkakae kwenye kesi zinazosikilizwa hadharani, mwandike maswali ambayo mahakama ilikosa mtaalamu wa kuyajibu. Chagueni shahada itakayowawezesha kuyajibu.