SIKUKUU BILA AFYA SIYO SIKUKUU

(Mazungumzo na wanakisomo wa Nyakahura)



Krismasi na Mwaka Mpya vinakaribia. Hapa Nyakahura dalili zake tunazijua. Mvua inanyesha. Ndizi za pombe zimefukiwa ziive. Mabasi yanateremsha wageni kwenye barabara kuu iendayo Rusumo. Watoto wetu wanarudi nyumbani. Tunafurahi sana. Lakini hebu tujiulize: wageni hawa wataondoka wakiwa wazima? Na sisi wenyeji, je?

Kwanza, malaria. Wakati wa mvua mbu ni wengi. Nyumba yenye vyandarua viwili inapokea wageni wanane. Tunafanyaje? Chandarua tunampa mgeni mkubwa, na watoto tunawalaza mkekani bila kitu. Jamani, hapo tunakosea. Mtoto mdogo ndiye malaria humwua upesi. Tuwalaze watoto pamoja, tutandaze chandarua kimoja juu yao, na pembe zake tuzichomeke chini ya mkeka. Na mgeni tumwambie mapema aje na chandarua chake. Hiyo si aibu.

Pili, chakula na maji. Ng'ombe au mbuzi wa sikukuu akaguliwe na bwana mifugo kabla hajaliwa. Mnyama aliyejifia mwenyewe tusimle, hata kama nyama yake inaonekana nzuri. Kimeta kinaua watu. Kiporo kichemshwe mpaka kitokote. Maji ya kunywa yachemshwe pia. Mikono tuinawe kwa sabuni, na maji yamiminwe. Tusichovye wote katika beseni moja.

Mtu akiharisha, tumpe maji ya chumvi na sukari. Kipimo chake ni hiki: maji safi yaliyochemshwa lita 1, sukari vijiko vya chai 6, na chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko viwe vya kusawazisha, visifurike. Tumnyweshe kidogo kidogo, tukimpeleka zahanati. Kipimo hiki kiandikeni ukutani. Kusoma ndiko huko.

Tatu ni jambo zito. Wilaya yetu ya Biharamulo inalikumbuka. Mwezi Desemba 2024, watu walipokuwa wakijiandaa kwa sikukuu, ugonjwa wa Marburg ulikuwa tayari umeingia wilayani. Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ilitangaza kuwa ugonjwa upo. Tarehe 13 Machi 2025 ilitangaza kuwa umekwisha. Waliohesabiwa kuugua walikuwa watu 10. Wote 10 walifariki dunia. Mkoa wetu wa Kagera ulikuwa umeshaonja msiba huo mwaka 2023, kule Bukoba. Huko waliugua watu 9, wakafa 6, wakapona 3.

Ugonjwa huu hutoka kwa popo wala matunda, wanaokaa mapangoni. Ukishampata mtu, huenda kwa mwingine kwa njia ya damu, matapishi, kinyesi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa. Hata maiti huambukiza. Dalili zake huanza kati ya siku 2 na 21. Ni homa kali, kichwa kuuma sana, mwili kulegea, kuhara na kutapika. Baadaye mtu anaweza kutoka damu.

Sasa tuseme ukweli. Mgeni akiugua siku ya sikukuu, sisi hufanya nini? Tunamficha chumbani ili sherehe isiharibike. Tunasema ni malaria tu. Wengine wanasema amerogwa. Akina mama wanamfuta matapishi kwa mikono mitupu. Akifa, tunamwosha kwa mapenzi, halafu tunaanza kuugua mmoja mmoja. Hatufanyi hivyo kwa ubaya. Ndivyo tulivyolelewa, kutomwacha mgonjwa peke yake. Lakini ugonjwa haujui mapenzi.

Basi kumpenda mgonjwa kuwe hivi: tumpeleke kituo cha afya mapema, au tumwite mhudumu wa afya, au tupige simu namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo hailipiwi. Matapishi na damu tusivishike. Maiti tunayoitilia shaka tuwaachie wataalamu waizike, sisi tusimame mbali tukiomba. Watoto wasicheze katika mapango ya popo, na tunda lililoumwa na popo wasile. Na rubisi, kila mtu awe na kikombe chake. Kupokezana mrija mmoja tukuache. Gongo tusiliguse kabisa. Linaweza kupofusha macho na kuua.

Wazee mnakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Tulikaa katika vikundi, tukasikiliza redio, tukasoma vitabu, kisha tukachimba vyoo. Hatukungoja mtu aje kutuchimbia. Na sasa ni vivyo hivyo. Leo jioni kila mmoja wetu ahesabu vyandarua vyake, ahesabu na wageni anaowatarajia. Pengo lililopo tulizibe kabla basi la kwanza halijafika.

Tunawatakia sikukuu njema. Na Januari tukutane tena hapa darasani, wote, bila kiti cha mtu kubaki kitupu.