NENO LA UONGOZI WA TAWI: KUHUSU WENZETU WA BARABARANI



Kwa mvua ile ya Jumapili wengi hamkuweza kushuka mkutanini, ndiyo maana tunawatumia hapa tuliyozungumza. Mwenye jirani asiye na simu amsomee.

Ajenda ya kwanza ilikuwa vibarua wa barabara zetu za juu: wanaozibua mitaro, wanaopanga mawe, wanaofukua kifusi ili gari la mgonjwa lipite. Tawi linawashukuru, na tunataka shukrani hiyo iwe na kitu ndani yake.

Sisi wa Usambara hatuhitaji kufundishwa barabara ni nini. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 32 hivi, na katika mwendo huo mfupi gari linapanda karibu mita 1,000. Hapo kuna lami. Ukiiacha ukashika njia za vijijini ni udongo, kona na korongo, na huko ndiko kabichi, karoti na viazi vyetu vinakotoka. Fuso likikwama siku mbili, mnunuzi wa Dar es Salaam anapiga simu kwingine. Kabichi iliyokatwa haisubiri. Mama mwenye uchungu ndiyo kabisa, huyo anabebwa kwa machela.

Adui wa barabara ya mlimani ni maji kuliko magari. Ndiyo maana barabara inapewa mgongo katikati ili maji yateremke pembeni, yaingie mtaroni, yapite kwenye kalavati na kutolewa mbali kidogo kidogo. Kalavati likizibwa na majani na mawe, maji yanapanda juu ya barabara, yanakata ukingo wa chini, na usiku mmoja kipande kizima kinaondoka na bonde. Sasa yule kijana unayempita na bodaboda, amesimama mtaroni na beleshi, ukadhani anafagia tu, anazuia hilo. Tope analolitoa kwa toroli mwezi wa pili, likiachwa, mwezi wa nne litahitaji greda na kijiko, na vyombo hivyo kuvipandisha huku mnajua shughuli yake.

Zile kuta za mawe ndani ya nyavu za waya nazo hazikuota. Mawe yamebebwa mengine begani, mahali ambapo lori halifiki. Na hao wanaofanya kazi chini ya ukingo uliokatwa, udongo ukishalowa unakuwa mzito na huanguka bila hodi. Wengine tumewaona wana kandambili, hawana kofia ngumu wala buti.

Hapa tuseme wazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inampa haki mtu aliyeumia kazini. Kuitwa kibarua hakumwondolei mtu haki hiyo. Lakini ajali isiyoripotiwa haina wa kuilipa, kwa hiyo akiumia mtu, jina lake, siku na mahali viandikwe siku hiyo hiyo, na mwenyekiti wa kitongoji ajulishwe. Msikubali maneno ya "tutamalizana wenyewe."

Pia kuna wenzetu waliofungua njia baada ya mvua za vuli na mpaka leo wanadai ujira wao. Mkandarasi hatumtaji humu, suala lake litasemwa mbele ya wanaohusika. Fedha za matengenezo ya barabara zinatoka kwa sehemu kubwa kwenye Mfuko wa Barabara, na mfuko huo unajazwa na tozo ya mafuta. Kila lita anayotia bodaboda wetu imechangia. Kwa hiyo tukiuliza malipo ya vibarua yako wapi, hatuombi hisani. Barabara za wilaya ziko chini ya TARURA tangu 2017, na zile kuu na za mkoa ziko TANROADS; tusipeleke lalamiko mlango usio wake tukarudishwa. Mkutano umemwomba diwani aende na orodha ya majina kabla ya mwisho wa wiki, na katibu wa tawi ataongozana naye. Majibu tutawaletea hapa hapa, yawe mazuri au mabaya.

Kwa upande wetu wakulima: majani yaliyopandwa kushika kingo yasikatiwe ng'ombe, na shamba lisisogezwe mpaka kwenye mtaro. Mmoja wetu alisema Jumapili kwamba mtaro ukilimwa, mvua ndiyo itakayovuna. Watu walicheka, ila waliokuwa wanamtazama walijijua.

Jumamosi saa 1 asubuhi tunakutana kwenye kalavati la chini ya shule, tulizibue kabla masika hayajachanganya. Njooni na majembe, mabeleshi, na mwenye sururu asiifiche. Msimamizi wa vibarua ndiye atakayetuelekeza, tusijifanye mafundi, na asiyeambiwa asisogelee ukingo uliopasuka. Sare na bendera zibaki nyumbani. Hatuendi kupiga picha. Kina mama wa tawi wameahidi makande, na sufuria ya kwanza ni ya vibarua.

Uongozi wa Tawi