Ugonjwa Ukifunga Njia: Tutunze Zahanati na Biashara Zetu

  Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulikumbuka, yaani siku zile za kufungiwa kwa sababu ya korona.

Mnakumbuka kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa hapa Kenya tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye ikatangazwa kwamba shule zifungwe. Tarehe 27 ikaanza kafyu, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mwezi wa Aprili, usafiri wa watu kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale ukasimamishwa. Njia za Kilifi na Kwale zilifunguliwa Juni, na za Nairobi na Mombasa Julai, lakini kafyu haikuondolewa hadi tarehe 20 Oktoba 2021.

Wakati huo kina mama waliniuliza sana kliniki, "Sista, kwani kutufungia kunaua ugonjwa?" Jibu ni hapana. Kufungiwa hakuui ugonjwa. Kunapunguza mwendo wake, ili wagonjwa wasifike hospitalini wote kwa wakati mmoja. Ni kununua muda. Na muda ulionunuliwa kwa bei kali namna hiyo ni lazima utumike vizuri: hospitali ziongeze vitanda na oksijeni, wahudumu wafunzwe, na wananchi wasaidiwe wasilale njaa.

Mengine yalifanyika. Kiwanda cha nguo cha Kaunti ya Kitui kilishona barakoa, na Rivatex ya Eldoret pia. Mafundi wa cherehani mitaani walishona za kitambaa, nao mafundi wa jua kali wakaunda vifaa vya kunawia mikono vya kukanyaga kwa mguu. Angalieni hapo: watu walikingwa ugonjwa, na fundi naye akapata unga wa watoto. Serikali ilipunguza ushuru wa VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia Aprili hadi mwisho wa 2020.

Lakini kuna mahali tuliumia. Kuna watoto waliokosa chanjo kwa sababu mama aliogopa kuja kliniki. Na uchungu wa kuzaa haujui kafyu. Hapo Nairobi, Daktari Jemimah Kariuki aliona wajawazito wanakwama usiku, akaanzisha mpango wa Wheels for Life wa kuwapatia usafiri wa bure hadi hospitalini. Zahanati inaweza kuwa wazi na muuguzi yuko kazini, lakini kama huna gari wala nauli, haikusaidii. Jifya moja haliinjiki chungu. Afya ni jifya moja, na mfuko wa mama ni la pili.

Kwa hivyo, mama, usingoje njia zifungwe tena. Fanya haya leo.

Kwanza, fungua kijitabu cha mama na mtoto. Chanjo nyingi hutolewa mtoto anapozaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha ya surua miezi 9 na miezi 18. Kama mtoto alikosa, mlete. Haanzi upya, anaendelea alipoachia. Usiogope kwamba utakaripiwa.

Pili, kama una mimba, panga safari mapema. Zungumza na mtu wa boda boda au wa gari unayemwamini, andika nambari yake ya simu, na weka nauli kando. Ukiona damu, maji yakivunjika, kichwa kikiuma sana, macho yakiona kiwi, ukishikwa na degedege, au mtoto akiacha kucheza tumboni, usingoje kuche. Enda hospitalini mara moja.

Tatu, kina mama wa chama, tengeni kiasi kidogo kila mkutano kiwe cha dharura ya afya peke yake. Hata shilingi 20 kwa kila mtu. Kisiguswe kwa harusi wala kwa vyombo.

Nne, nunua kwa jirani. Sabuni, mboga na sare ya shule zikinunuliwa hapa mtaani, pesa inazunguka hapa hapa. Na kama una deni la mama mboga, lipa hata kidogo kidogo. Yule naye ana mtoto wa kupeleka kliniki, na siku ya shida ndiye atakayekukopesha.

Tano, zahanati yenu ina kamati, na wanajamii wamo ndani yake. Hudhuria baraza, uulize bila kuogopa: Maji yako? Sabuni iko? Usiku anafungua nani? Tundu la paa huzibwa wakati wa jua. Mvua ikishaanza kunyesha, utabaki kukinga ndoo tu.

Wapendwa, ugonjwa mwingine ukija, serikali itatangaza yake. Lakini kadi ya mtoto iliyojaa, nauli iliyofichwa kabatini na jirani mwenye biashara iliyosimama, hayo ni yetu sisi kuyatayarisha. Leo kabla ya kulala, angalia kile kijitabu cha mtoto.