Kifua Kinapopiga Filimbi
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Tena)



Wengi wetu tuna mzee nyumbani ambaye mapafu yake yamechoka kwa sigara, au kwa moshi wa kuni na makaa wa miaka mingi. Njia za hewa zimebana, na hewa ikipita inalia kama filimbi.

Dawa ya kuvuta, kama salbutamoli, hulegeza misuli inayobana njia hizo. Kwa dakika chache filimbi hupungua. Lakini ugonjwa huu si sawa na pumu ya mtoto. Njia hazifunguki zote, kwa hivyo sauti kidogo yaweza kubaki. Hiyo si sababu ya kutupa dawa, wala ya kuivuta bila kipimo.

Mfundisheni: atikise mkebe, atoe pumzi, abonyeze huku akivuta polepole, kisha azuie pumzi akihesabu hadi 10.

Sasa sikilizeni vizuri. Filimbi ikinyamaza, msiseme haraka amepona. Mtazameni. Anaongea bila kukatika? Anatembea? Basi dawa imefanya kazi. Lakini kama anahangaika, hawezi kuongea, na midomo inageuka rangi, kifua kimenyamaza kwa sababu hewa haipiti. Hiyo ni hatari kuliko filimbi. Mkimbizeni Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, hata kama ni usiku.

Kwa hivyo naomba kila kikundi kitenge pesa za gari la usiku, na mweka hazina ajulikane. Ugonjwa hausubiri siku ya mkutano.