Chakula cha Mbwa, Viroboto na Kupe: Ukweli ni Upi?



Ni swali linalosikika kila majira ya joto yanapowadia katika bustani za mji wa Toronto, nchini Kanada: je, kile anacholishwa mbwa chaweza kumkinga dhidi ya viroboto na kupe? Kwa mtazamo wa kwanza swali lenyewe ni dogo. Hata hivyo ndani yake mna uhai wa mnyama, fedha za mwenye mnyama na, kama itakavyobainika, afya ya watoto wanaocheza naye sebuleni.

Toronto ni makao ya Waafrika Mashariki wengi. Wamo waliofika baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, wamo Wasomali waliokimbia vita vya miaka ya 1990, na wamo Wakenya, Watanzania na Wakongo waliofuata masomo au kazi. Aghalabu watu hao walikotoka, mbwa ni mlinzi. Hulala nje, hula makombo, na katika nyumba za Waislamu wa pwani havuki kizingiti. Ughaibuni mambo hubadilika. Wakati wa baridi kali mbwa hawezi kulazwa uani. Huishi ndani, hulala juu ya zulia, pengine hata miguuni pa kitanda cha mtoto. Basi kiroboto aliye juu ya mbwa si shida ya mbwa peke yake tena, bali ni mgeni wa familia nzima.

Hapo ndipo ushauri unapomiminika kutoka kila upande. Wako wanaosema mbwa apewe kitunguu saumu, kwa hoja kwamba harufu yake ikitoka kwenye ngozi kupe hatamsogelea. Wengine husifu hamira itumiwayo kutengenezea bia, kwa kuwa ina vitamini za kundi B. Wengine humimina siki ya tufaha katika maji ya mbwa ya kunywa. Na wako wanaoshikilia kwamba mbwa anayelishwa nyama mbichi hupata damu yenye nguvu isiyowapendeza wadudu.

Ili kuyapima madai hayo, yafaa kwanza kuelewa jinsi wanyonyaji hawa wanavyompata mhanga wao. Kupe haruki wala haparamii mtu kutoka mtini kama wengi wanavyodhani. Hupanda juu ya jani la nyasi, hunyoosha miguu yake ya mbele na kungoja. Katika miguu hiyo mna kiungo maalumu kinachotambua joto la mwili, harufu, na hewa ya kaboni dioksaidi inayotoka puani na kinywani mwa mnyama. Kiroboto naye huongozwa na joto, pumzi na mtikisiko. Sasa, mbwa aliyekula nyama mbichi na mbwa aliyekula ugali wa mabaki wote wawili wana joto, na wote wawili wanapumua. Ishara kubwa zinazomwita mdudu haziondolewi na sahani ya chakula.

Wataalamu hawakuishia kwenye nadharia. Mwaka 1983 jarida la Chama cha Madaktari wa Mifugo cha Marekani lilichapisha utafiti uliolinganisha mbwa waliolishwa hamira ya bia na wale wasiolishwa. Matokeo yalikuwa bayana: hamira haikuwafukuza viroboto. Miongo minne imepita tangu hapo, na bado makopo ya hamira hiyo yanauzwa kwa sifa zile zile.

Kuhusu kitunguu saumu jambo ni zito zaidi. Vitunguu vya kila aina, vya maji na vya saumu, vina kemikali zinazoharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, nchini Japani, walieleza jinsi walivyowapa mbwa wanne dondoo ya kitunguu saumu kwa siku saba mfululizo. Kipimo kilikuwa kikubwa, sawa na gramu tano za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wa mbwa kila siku. Mbwa hao hawakufikia hatua ya kuugua upungufu wa damu waziwazi, lakini chembe zao nyekundu zilidhurika na kupungua. Watafiti wakahitimisha kwamba mbwa wasilishwe kitunguu saumu. Linganisha sasa: mbwa mwenye viroboto wengi tayari anapoteza damu, hasa akiwa mtoto, kumwongezea chakula kinachoharibu damu iliyosalia ni kumpiga aliyekwisha kuanguka.

Nyama mbichi nayo ina hatari ya namna nyingine, yaani vijidudu vya salmonela. Mnamo Novemba 2023 Shirika la Afya ya Umma la Kanada lilitangaza mlipuko wa salmonela sugu kwa dawa nyingi. Ulihusishwa na chakula kibichi cha wanyama wa nyumbani pamoja na kugusana na ng'ombe, na wengi miongoni mwa waliougua walikuwa watoto wadogo. Mzazi aliyenunua nyama hiyo akitaraji kuwafukuza kupe huenda akaingiza maradhi mengine jikoni mwake.

Kwa nini basi watu wakweli, wasio na lolote la kuuza, huapa kwamba chakula kimewasaidia? Sababu mbili zinatosha kueleza. Ya kwanza ni majira. Huko Toronto viroboto huzidi mwishoni mwa kiangazi na mwanzoni mwa vuli, kisha baridi huwapunguza nje. Aliyebadilisha chakula mwezi Septemba huona nafuu mwezi Novemba, na sifa humwendea muuza chakula badala ya theluji. Ya pili ni kwamba mbwa hawafanani. Yuko mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto, ambaye akiumwa mara chache tu hujikuna hadi manyoya yanyonyoke. Na yuko mwingine aliyejaa viroboto asijikune sana. Mafuta ya samaki yaliyomo katika baadhi ya vyakula huweza kutuliza mwasho wa ngozi. Mbwa akipunguza kujikuna, mwenyewe hudhani viroboto wamekwisha, kumbe wapo na wanaendelea kutaga.

Haina maana kwamba lishe ni bure. Wafugaji wa Afrika Mashariki wanajua kuwa ng'ombe aliyekonda wakati wa kiangazi hulemewa na kupe kuliko mwenzake aliyeshiba. Mnyama aliyelishwa vyema ana ngozi imara, hujisafisha mwenyewe, na akinyonywa damu huirejesha upesi. Kwa hiyo jibu la haki ni hili: chakula bora humsaidia mbwa kustahimili madhara ya viroboto na kupe, lakini hakiwazuii kumpanda wala hakiwaui.

Kuna jambo ambalo huwatatiza wengi. Ikiwa kinachomezwa hakifai kitu, mbona madaktari wa mifugo hutoa vidonge vya kumeza? Tofauti ni kwamba dawa hizo huingia katika damu kwa kiasi kilichopimwa, na mdudu anaponyonya damu hiyo hufa. Kundi la isoksazolini, lililoidhinishwa nchini Marekani kuanzia mwaka 2013, hufanya kazi kwa njia hiyo. Nazo zina tahadhari yake: mwaka 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kwamba zaweza kuleta mitetemeko au kifafa kwa baadhi ya wanyama. Ndiyo maana inafaa daktari aelezwe historia ya mbwa kabla ya kuandika dawa.

Wapenzi wasikilizaji, kwa nini suala hili limekuwa la dharura Toronto? Jibu ni ugonjwa wa Lyme, uliopewa jina la mji mmoja wa jimbo la Connecticut, Marekani, ulikotambuliwa katika miaka ya 1970. Bakteria wake aligunduliwa na mwanasayansi Willy Burgdorfer, na ugunduzi huo ukatangazwa mwaka 1982. Huenezwa na kupe mwenye miguu myeusi. Zamani kupe huyo alijulikana nchini Kanada katika sehemu chache tu, kama vile rasi ya Long Point kwenye Ziwa Erie. Hali ya hewa ilivyozidi kuwa ya joto, naye akibebwa na ndege wahamao, amesonga kaskazini. Leo anapatikana ndani ya mipaka ya Toronto yenyewe, hususan katika Hifadhi ya Taifa ya Rouge upande wa mashariki, ambako familia nyingi hupenda kutembea na mbwa wao. Mwaka 2009, Kanada ilipoanza kukusanya takwimu za taifa, wagonjwa walioripotiwa walikuwa 144. Mwaka 2021 walizidi 3,000.

Mbwa hamwambukizi mwanadamu ugonjwa huu moja kwa moja. Lakini huweza kumbeba kupe hadi zuliani, na kupe huyo akampanda mtu. Mbwa mwenyewe akiugua hupata homa, huvimba viungo na kuchechemea, pengine miezi kadhaa baada ya kuumwa.

Lililo jema ni kwamba kwa kawaida kupe huhitaji zaidi ya saa 24 akiwa ameganda mwilini kabla ya kuambukiza Lyme. Saa hizo ndizo nafasi ya mwenye mbwa. Baada ya matembezi, mbwa akaguliwe masikioni, shingoni, kwapani na katikati ya vidole. Na watu wajikague pia. Kupe akionekana, ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe polepole moja kwa moja bila kusokotwa. Asipakwe mafuta ya taa wala asichomwe kwa kiberiti. Na kwa kuwa kupe huyu hutembea mara joto linapozidi nyuzi 4 za Selsiasi, ukaguzi usingoje kiangazi.

Kwa viroboto, vita kuu iko nyumbani. Viroboto wakubwa wanaoonekana juu ya mbwa ni kama asilimia 5 tu ya wote. Waliobaki ni mayai, mabuu na mabuu-bwete waliojificha zuliani na kitandani. Kufagia zulia kwa mashine kila mara na kufua matandiko kwa maji moto kuna faida kuliko pishi lolote. Wanyama wote wa nyumba watibiwe kwa pamoja. Ila dawa ya mbwa yenye pamethrini kamwe asipakwe paka, kwani humuua. Pamethrini yenyewe ni kemikali ya kiwandani iliyobuniwa kwa kuiga sumu ya asili ya pareto, ua lililolimwa kwa miongo mingi katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania.

Nako Afrika Mashariki somo ni lile lile. Kupe wa kahawia wa mbwa huingia hata nyumbani na hueneza magonjwa ya damu yanayoua mbwa wengi. Mlinzi wa nyumba anastahili kulishwa vizuri, lakini shibe si dawa ya kupe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa hapa huzibwa kwa macho na vidole vya mwenye mbwa, kila jioni, kabla ya saa 24 kwisha.