Sheria Iliyoanza na Saini Kumi

(Maneno niliyoyasema kwenye mkutano wa Waafrika Mashariki, Massachusetts)

 

Mimi ni muuguzi, si mwanasiasa. Nimeombwa niseme kuhusu haki zetu kazini, nami nitaanza na jambo linalonitia aibu.

Mwaka 2013 nilikuwa bado "nabeba boksi" kama wengi wetu tulivyoanza: msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee, huku nasoma. Usiku mmoja nilikwenda kazini na homa kali. Hatukuwa na likizo ya ugonjwa yenye malipo. Ukikosa zamu, umekosa kodi ya nyumba. Nikamwogesha bibi wa miaka tisini huku nakohoa, nimegeuzia uso pembeni. Leo, kama muuguzi, najua nilikuwa namhatarisha kiasi gani.

Majira hayohayo, nje ya duka, kijana mwenye makaratasi alitusimamisha mimi na shangazi yangu. Alikuwa anatafuta saini ili likizo ya ugonjwa iwe sheria. Mimi sikuwa raia, nisingeweza kutia saini. Lakini shangazi alikuwa raia, na kura ya Obama alikuwa ameshapiga mara mbili. Akanivuta mkono: "Twende, mwanangu. Siasa tuliziacha nyumbani." Tukaondoka.

Ndugu zangu, yule kijana hakuwa anatafuta ubunge. Tangu mwaka 1918 Katiba ya jimbo hili inawaruhusu wananchi kupendekeza sheria wao wenyewe. Wapiga kura 10 tu wanatosha kuanza: wanaandika sheria wanayoitaka, wanatia saini na kuipeleka kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Akiona haivunji Katiba, kazi ya kukusanya saini inaanza. Zinatakiwa zisipungue asilimia 3 ya kura zilizopigwa katika uchaguzi uliopita wa gavana, na kaunti moja haiwezi kutoa zaidi ya robo yake. Kisha Bunge la jimbo linapewa nafasi ya kuipitisha. Lisipoipitisha, wananchi wanaongeza saini, na swali linakwenda kwenye karatasi ya kura.

Ndivyo vyama vya wafanyakazi, vikundi vya dini na vya mitaani vilivyofanya. Novemba 2014, Swali la 4 lilipita kwa takriban asilimia 59. Tangu Julai 1, 2015, kila saa 30 za kazi zinakupa saa 1 ya likizo ya ugonjwa, hadi saa 40 kwa mwaka, na mwajiri mwenye wafanyakazi 11 au zaidi lazima ailipie. Unaweza kuitumia hata kumuuguza mtoto, mwenzi au mzazi. Inamlinda mfanyakazi awe raia au asiwe. Shangazi aliitumia alipopasuliwa goti. Alilipwa kwa saini za watu wasiomjua.

Sisemi kila hoja hupita. Mwaka 2018 chama cha wauguzi kilipeleka swali la kuweka kikomo cha idadi ya wagonjwa kwa kila muuguzi. Nilikuwa nimeshapata uraia, nikapiga kura ya ndiyo. Takriban asilimia 70 wakasema hapana, na hata sisi wauguzi tuligawanyika. Niliumia, lakini tuliulizwa, tukajibu.

Wala jambo hili si la Wazungu peke yao. Kifungu cha 257 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinawaruhusu wananchi kupendekeza mabadiliko ya Katiba wakipata saini za wapiga kura milioni 1.

Waswahili husema kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo nina maombi mawili. Aliye raia ajiandikishe kupiga kura kabla ya kuondoka hapa; fomu ziko pale mezani. Asiye raia asikae kimya, aseme yaliyompata kazini, maana sheria nzuri huanzia kwenye maisha ya watu. Siku ile sikuweza kutia saini, lakini ningeweza kumweleza yule kijana habari za yule bibi na kikohozi changu. Sikumweleza.

Humu ukumbini tuko zaidi ya kumi.

Naomba kutoa hoja.